Chupa Tatu Zisizo na Udongo

Shangazi yangu aliosha chupa kwa miaka ishirini na sita, na kama kuna mtu anadhani hiyo si kazi, aje anione. Nitamkabidhi beseni, brashi, na chupa tisini za mdomo mpana zilizokaa na udongo wa mfinyanzi wiki nzima gizani, halafu tuzungumze jioni. Hakuwa na cheti hata kimoja. Alikuwa na viganja vilivyokunjamana kwa sabuni, sauti ya kukwaruza, na ulimi ambao hata Mkuu wa maabara aliuogopa. Kazini walimwita Mama Kioo. Mimi nilimwita Shangazi hata mbele za watu, maana ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, na ndiye aliyeniombea kazi pale nilipomaliza chuo nikakaa nyumbani mwaka mzima kupiga miayo.

Maabara yetu ni ya udongo. Hatupimi malaria, hatupimi mimba, naomba niachwe. Tunapima udongo unavyohema. Najua jinsi maneno hayo yanavyosikika, nimeshachekwa vya kutosha kwenye misiba na harusi. Lakini ndivyo ilivyo. Ndani ya udongo mzima kuna mizizi, majani yaliyooza, mabaki ya wadudu na vitu vilivyokufa kabla babu zetu hawajazaliwa, na vyote vimeshika kaboni ambayo mimea iliivuta kutoka hewani. Udongo ukiachwa utulie, kaboni hiyo inabaki humo chini miaka na miaka, haimsumbui mtu. Ukipinduliwa kwa plau, vijidudu vinaamka, vinakula, vinahema, na ile hewa ya ukaa inapanda juu kuongeza joto hili ambalo kila mtu analilalamikia huku akijipepea na gazeti.

Kwa hiyo tunaweka gramu hamsini za udongo kwenye chupa, tunatumbukiza humo kikombe kidogo cha maji ya chokaa, tunakaza kifuniko na kuiacha chupa gizani siku saba. Udongo unahema, maji ya chokaa yanaikamata ile hewa na kuwa meupe kama tui, kisha unga mweupe unatuama chini ya kikombe. Mimi nauchuja, naukausha, naupima kwenye mizani. Unga ukiwa mwingi, udongo umetoa pumzi nyingi. Ukiwa kidogo, udongo umeishikilia kaboni yake.

Chupa hukaa kwenye chumba cha chini, chini kabisa ya jengo, ambako hakuna dirisha na joto halibadiliki mwaka mzima. Unashuka ngazi kumi na nne. Unafungua mlango, na kinachokupokea ni harufu ya shamba baada ya mvua, nzito, ya uvuguvugu, inayokuja usoni kana kwamba kuna mtu amesimama karibu mno. Rafu ziko pande zote nne. Kwa chupa tisini zinazohema gizani, hakuna anayependa kukaa humo zaidi ya anavyolazimika, na wanaosema hawaogopi ni waongo tu.

Tena kuna sauti. Udongo umetumia hewa ya chupani, maji ya chokaa yameinywa iliyotolewa, kwa hiyo ndani pamebaki na upungufu. Ukilegeza kifuniko, chupa inavuta hewa. Hhhh. Kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Miezi yangu ya kwanza nilikuwa nafungua chupa nimefumba macho, na Shangazi alinicheka hadi akakaa chini.

"Wewe mtoto, mimi nimeziosha tangu hujaota meno, hakuna hata moja iliyoning'ata," alisema.

Sasa, katika kila kundi la chupa huwa kuna tatu zisizo na udongo. Zina kikombe cha maji ya chokaa na hewa ya kawaida, basi. Tunaziita tupu. Kazi yake ni kutuonyesha kaboni iliyokuwemo tayari kwenye hewa ya chumba, ambayo huwa kidogo sana, na hiyo tunaitoa kwenye hesabu ya chupa nyingine zote. Chupa tupu hazivuti hewa. Unazifungua kimya, unapata unga wa kupaka ncha ya sindano au hupati kabisa, unaandika, unaendelea.

Tupu zilikuwa za Shangazi. Za udongo aliziosha akaziacha wazi mezani, zikajazwa baadaye. Tupu alizimaliza mwenyewe mpaka kifuniko, kwa sababu hakumwamini mtu. Alisuuza mara tatu, akazianika kichwa chini, kisha akaja kwenye kipimo chake ambacho hakikuandikwa kwenye kitabu chochote. Aliibana chupa kwenye midomo, akapumua ndani kwa kina, haaa, kisha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ukungu ukitanda sawasawa, kioo ni safi. Ukikatika na kufanya michirizi, kuna sabuni, chupa inarudi kwenye beseni. Hata nyumbani alizifanyia hivyo bilauri zetu. Zamani baada ya hapo chupa ziliingia oveni usiku kucha. Ile oveni iliungua mwishoni mwa mwezi wa tatu, ombi la nyingine likatumwa juu, na juu huko mnajua wenyewe. Basi akawa anapumua, anaangalia, mimi natumbukiza kikombe, yeye anakaza kifuniko vumbi lisiingie. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, kikombe mkononi. Naomba mlikumbuke hilo.

Mwezi wa nne, Jumatatu, saa nne asubuhi, nilifungua chupa tupu ya kwanza, nayo ikavuta hewa.

Niliirudisha mezani polepole. Aliyekuwa nami ni Koleo, jamaa anayechimba na kutuletea udongo, mrefu, mkimya kwa watu na mwenye maneno mengi kwa mashimo.

"Umesikia?" nilimuuliza.

"Sikusikia kitu," alisema, lakini alikuwa ameshafika mlangoni.

Ndani ya kikombe maji yalikuwa meupe. Nilifungua ya pili na ya tatu, nazo zikavuta. Hakukuwa na udongo, hakukuwa na jani wala mdudu. Kioo, hewa na kikombe tu. Nilipima unga wake mara mbili. Chupa isiyo na kitu ilikuwa imehema karibu nusu ya udongo wenyewe.

Wiki iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na iliyofuata pia. Habari zikatoka kama moshi. Mlinzi akaacha kushuka kuzima taa. Mhasibu aliyekuwa akificha soda zake kule chini kwa sababu anazozijua mwenyewe akazihamisha. Koleo akaanza kubisha hodi kabla ya kuingia chumba cha chupa, na nilipomuuliza anambishia nani, alisema ni mazoea tu. Watu wakasema kuna mzimu.

"Kama ni mzimu, mwambieni aje anishikie beseni," Shangazi alisema. "Miaka yote hii nasuuza peke yangu."

Tulicheka. Lakini nilimwona akiziangalia zile chupa kwa jicho ambalo sikulizoea.

Mkuu hakuamini mizimu. Ni mtu wa mashati yaliyonyooka na hoja zilizonyooka, na hoja yake ilikuwa hii: chupa tupu haiwezi kuhema, kwa hiyo haikuwa tupu, kwa hiyo ilibaki na udongo, kwa hiyo haikuoshwa. Alimwita Shangazi ofisini, nami nikaitwa na daftari langu.

"Mama, chupa zako ni chafu," alisema.

Shangazi alifuta mikono kwenye aproni. "Mwanangu, hebu sema tena, huenda ni masikio yangu."

"Namba ziko hapa. Za huyu huyu mtoto wako."

Kuanzia siku ile Shangazi aliosha kama aliyepagawa. Alisuuza mara sita badala ya tatu. Alipumua ndani ya chupa mara moja, mara mbili, mara tatu, akiigeuzageuza kwenye mwanga, akitafuta huo uchafu anaoambiwa. Na kadiri alivyohangaika, ndivyo namba zilivyopanda. Juma la saba chupa tupu ilihema kuliko udongo wa kichanga. Niliandika kwa kalamu yangu mwenyewe, nikapeleka juu.

Ingekuwa ni chupa tu, labda yangeisha. Lakini nyuma ya jengo letu kuna konde la nyasi ambalo halijaguswa na plau kwa miaka arobaini. Ukichimba hapo, udongo ni mweusi hadi kiunoni, unakatika kama keki, na Koleo huwa anavua kofia kabla ya kuchomeka koleo lake, mshenzi yule. Bodi inayoisimamia maabara ilitaka konde hilo lilimwe lote. Tulilima mstari mmoja wa majaribio, na bodi ikaomba namba moja tu kutoka kwetu: udongo uliopinduliwa unatoa kaboni kiasi gani? Ikiwa ni kidogo, trekta iendelee. Ikiwa ni nyingi, iondoke.

Tukazitoa namba za chupa tupu kwenye namba za ule udongo, na ule udongo ukaonekana karibu hauhemi.

"Lakini Mkuu, umesema chupa ni chafu," nilimwambia. "Tutaziaminije namba?"

"Uchafu ni uleule kwenye chupa zote. Tukiutoa, kinachobaki ni ukweli."

Iliingia akilini. Ndiyo ubaya wa hoja zake. Ripoti ikaenda kwamba hasara ni ndogo, na siku hiyo hiyo Shangazi akapewa barua. Uzembe katika usafi wa vyombo. Alibakiza miezi mitatu astaafu.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu Shangazi ninayemjua angelivunja lile beseni kichwani kwa mtu. Alimaliza zamu yake. Aliandaa tupu tatu za Jumatatu kama kawaida, akapumua, akaangalia, akakaza, akaandika TUPU kwa herufi zake kubwa zilizopinda. Kisha akavua aproni na kunigeukia.

"Na wewe? Unaamini chupa zangu zilikuwa chafu?"

Ningeweza kusema hapana. Neno moja tu, halina uzito wowote mdomoni.

"Shangazi, namba ndizo zinazosema," nilijibu.

"Haya," alisema, akaikunja aproni mara nne na kuondoka nayo kwapani.

Jumatatu iliyofuata nilifungua tupu mbili. Zote zilivuta hewa. Ya tatu niliishika, nikatazama zile herufi zilizopinda, nikairudisha rafuni haijafunguliwa. Niliandika wastani wa mbili, na hakuna aliyeuliza.

Baada ya wiki mbili Koleo aliniita twende kondeni kabla jua halijachomoza vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha jioni. Nyasi zilikuwa zimelala na maji, kimya, hata ndege hakuna. Na juu ya ule mstari uliolimwa kulikuwa na ukungu. Mstari tu. Ukungu mweupe wa kimo cha magoti, ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, umeanzia pale plau ilipoanzia na kuishia pale plau ilipoishia. Kwenye nyasi, hakuna kitu.

"Weka mkono," Koleo alisema.

Niliuchomeka kwenye tuta. Udongo ulikuwa na joto, si la jua, jua lilikuwa bado. Ulikuwa na joto la kwapa la mtu. Niliutoa mkono haraka na kuufuta kwenye gauni.

"Ripoti yenu inasema huu hauhemi," alisema. "Mimi sijasoma. Lakini wewe umesikia mwenyewe." Kweli, nilikuwa nimesikia. Matuta yalikuwa yakitoa sauti ndogondogo, tsss, tsss, vijitundu vikijifungua kila mahali. Niliondoka pale karibu na kukimbia, na nilipogeuka Koleo alikuwa amechuchumaa kando ya ule ukungu akiuangalia.

Shangazi alifariki Jumapili ya tatu tangu afukuzwe, saa tano asubuhi. Alikuwa hali chakula vizuri, hasemi, anakaa dirishani na bilauri ya maji akiizungusha mkononi. Nilikuwa nimetoka kuanika nguo. Nilimkuta amelala chali kitandani, mikono kando, kama mtu aliyejipumzisha tu. Nikamwita. Nikamtikisa bega. Sikujua la kufanya, kwa hiyo nilichukua ile bilauri, nikamwaga maji sakafuni, nikaibana kwenye midomo yake kuona kama kutakuwa na ukungu.

Nilisubiri. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikaiangalia. Kioo kilikuwa safi, hakina hata doa.

Na nikiwa nimeiinua hivyo, mkono ule ule, dirisha lile lile la asubuhi, niliona ninachofanya. Niliona midomo yake kwenye chupa. Haaa. Ukungu ukitanda sawasawa. Mimi natumbukiza kikombe. Yeye anakaza kifuniko. Mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba ukipuliza pumzi kwenye maji ya chokaa yanakuwa meupe. Mimi nina cheti, nina koti jeupe, na nilisimama pale miezi yote ile nikimtazama shangazi yangu akijifungia pumzi yake chupani, halafu nikazipima na kusema ni uchafu.

Nililia kwa sauti hadi majirani wakaingia. Walidhani nalia msiba tu. Nilikuwa nalia ujinga wangu pia.

Siku ya nne baada ya mazishi nilishuka zile ngazi kumi na nne peke yangu. Niliwasha taa. Chupa ilikuwa pale nilipoiacha, rafu ya chini, TUPU, ukutani. Nilipiga magoti. Ndani ya kioo, kuzunguka shingo ya chupa, kulikuwa na matone madogo madogo ya maji yaliyoshikamana, na chini, kikombe kilikuwa cheupe pe. Mtu alikuwa kaburini, na unyevu wa mdomo wake ulikuwa hapa mbele yangu, haujakauka. Niliongea nayo, sitaki kuficha. Nilisema, "Shangazi, nisamehe." Halafu nikapanda kwa Mkuu bila kubisha hodi.

Nilimweleza yote. Oveni, kipimo cha ukungu, kifuniko. Nilimwambia kwa nini chupa za udongo zilikuwa sawa: zilikaa wazi mezani asubuhi nzima kabla ya kujazwa, pumzi ikatoka. Nilimwambia kwa nini namba zilipanda alipomgombeza: kadiri alivyotafuta uchafu, ndivyo alivyopumua zaidi. Nilichukua chupa mpya mbele yake, nikapumua, nikatumbukiza kikombe, nikakaza. Kabla hatujamaliza kubishana maji yalianza kuwa meupe.

Mkuu alikuwa amebadilika rangi, lakini hoja zake zilikuwa bado zimenyooka.

"Hiyo inaonyesha pumzi yako inatoa unga," alisema. "Haionyeshi kwamba chupa zake zilikuwa safi. Barua nilimwandikia yeye. Ningekuwa na chupa yake..."

"Ipo," nilisema, na papo hapo nikatamani ningejing'ata ulimi.

Kwa sababu nilijua ni nini. Ilikuwa pumzi yake ya mwisho kazini, na ndiyo pekee iliyobaki duniani. Nikiifungua, imekwisha. Nisipoifungua, atabaki mzembe kwenye faili milele, na trekta ingekuja wiki ijayo kupindua konde zima kwa ajili ya namba yangu ya uongo. Nilikaa kwenye ngazi dakika nyingi nimeikumbatia. Kisha nikamsikia kichwani, na ile sauti yake ya kukwaruza: wewe mtoto, unakumbatia chupa, una wazimu?

Tuliifungua mezani, saa sita mchana, mapazia wazi. Tulikuwa watatu: mimi, Mkuu, na Koleo aliyesimama nyuma amevua kofia. Niliishika shingo. Kifuniko kilikuwa kimekazwa kwa nguvu zake zote, ilibidi nitumie kitambaa. Kikazunguka.

Chupa ikavuta hewa. Sijawahi kusikia chupa ikivuta vile, polepole, kwa muda mrefu, hadi Mkuu akarudi nyuma na kugonga kiti.

"Shikamoo, Mama," Koleo alinong'ona.

Hakuna aliyecheka. Nilichuja. Tukainama wote watatu juu ya ile karatasi. Kama chupa ingekuwa na udongo, hata chembe, ingeonekana hapo kahawia. Ilikuwa nyeupe. Mkuu alichukua karatasi nyingine mwenyewe, akaisugua ndani ya kioo, chini, kwenye pembe, kwenye shingo, akaitoa na kuitazama mbele na nyuma. Nayo ilitoka nyeupe kama ilivyoingia. Akaketi.

"Kwa hiyo nimemfukuza mtu kwa sababu..."

"Kwa sababu alikuwa msafi," nilisema, na sikupunguza sauti. "Na mimi nilikusaidia."

Hesabu tuliirudia wiki hiyo hiyo. Ule udongo uliopinduliwa ulikuwa ukihema mara nyingi zaidi ya tulivyoandika. Bodi ikakasirika, ikauliza tumekuwa tukifanya nini, ikatukana kidogo, ikaiondoa trekta. Ule mstari tumeupanda nyasi, ingawa Koleo anasema kilichokaa chini miaka arobaini hakitarudi kwa misimu miwili mitatu, tusijidanganye. Mkuu aliandika barua ya kufuta ile barua. Alitaka kunikabidhi mimi. Nilimwambia amwandikie Shangazi mwenyewe kwa jina lake, na akaandika. Imebandikwa juu ya beseni.

Unga ulibaki kwenye karatasi yake. Haukuzidi ncha ya kijiko. Kwa utaratibu tunaumwaga. Niliuweka mfukoni mwa koti, nikaenda kondeni upande ambao haukulimwa. Nilifunua nyasi kwa vidole tu, sikutumia chombo, nikafika kwenye ule weusi, nikauweka humo na kurudisha nyasi mahali pake. Nilikaa kidogo. Palikuwa kimya, na ardhi ilikuwa baridi chini ya kiganja changu, baridi nzuri. Nilimwambia akae hapo, hakuna atakayemsumbua.

Siku hizi chupa naosha mimi mpaka wapate mtu. Nasuuza mara tatu, nazianika, na ninapofika kwenye zile tatu nabana pumzi hadi macho yananitoka, Koleo ananicheka. Jumatatu ya kwanza nilishuka nikazileta mezani. Nilishika kifuniko cha kwanza na kugundua kwamba nasubiri. Miezi yote niliiogopa ile sauti, na sasa nilikuwa nimeinamisha sikio, naiomba.

Nilifungua ya kwanza. Kimya. Nilifungua ya pili, ikawa hivyo hivyo. Ya tatu niliifungua taratibu zaidi, nikasikiliza hadi Koleo akanigusa bega. Maji yalikuwa maangavu kabisa, unaona hadi chini. Nilichukua kalamu, nikaandika sifuri tatu kwenye daftari.